Gari limeandika P0325? Pima waya kabla hujanunua sensa ya noki

Kila wiki napata swali lile lile, kinachobadilika ni aina ya gari tu: "Fundi, mashine imesoma P0325. Sensa ni pesa ngapi?" Jibu langu nalo halibadiliki: usinunue kitu bado. Msimbo huo haujasema sensa imekufa. Umesema kompyuta ya gari haipati habari inayoitarajia kutoka kwenye njia ya sensa ya noki, yaani ile inayosikia injini ikigonga, na njia hiyo ina vitu vinne: sensa yenyewe, soketi, waya na kompyuta. Anayekimbilia maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, hapa Nairobi, kununua sensa amechagua kimoja kati ya vinne bila kupima hata kimoja.

Nimeandika haya kwa mwenye gari anayeweza kushika spana, na kwa kijana anayeanza kazi ya gereji ambaye hana wa kumwelekeza. Upimaji wenyewe hauchukui nusu saa. Kinachokula muda ni kuifikia sensa, na kinachopoteza watu ni kusoma mita vibaya.

Sensa hii inafanya kazi gani

Sensa ya noki imefungwa kwenye bloku ya injini. Ndani yake mna kipande kidogo kinachotoa umeme kikitikiswa. Kwa kawaida petroli na hewa huungua kuanzia kwenye cheche ya plagi na moto husambaa. Injini inapogonga, sehemu ya mchanganyiko huo hulipuka yenyewe kabla moto haujaifikia, na bloku hutetemeka kwa kasi yake maalumu, kwenye injini nyingi ni takriban kilohezi 6 hadi 8. Sensa huusikia mtetemo huo, nayo kompyuta huchelewesha cheche kidogo hadi kugonga kuishe.

Kompyuta ikikosa kuisikia sensa, haiwezi kujua kama injini inagonga au la. Kwa hiyo Toyota nyingi hujilinda kwa kuchelewesha cheche hadi mwisho wa kiwango kilichowekwa. Hapo ndipo gari linakuwa zito, linakunywa mafuta, na mlima uliokuwa ukiupanda kwa gia ya tatu unataka ya pili. Kwenye baadhi ya Toyota za V6 (injini ya silinda sita zilizopangwa kama herufi V) giaboksi nayo hukataa kuingia gia ya juu kabisa, na nimeona watu wakiambiwa wafungue giaboksi nzima kwa sababu ya waya mmoja wa sensa.

Misimbo yenyewe: P0325 ni hitilafu ya njia ya sensa ya kwanza kwa jumla. P0326 ni kwamba ishara ipo lakini haiko katika kiwango kinachotarajiwa. P0327 ni volti ndogo mno, P0328 ni volti kubwa mno. P0330 hadi P0333 ni maelezo yale yale kwa sensa ya pili, utaikuta zaidi kwenye V6. Tofauti kati ya P0327 na P0328 iweke akilini, itakusaidia sana mbele.

Andaa hivi kabla ya kufungua boneti

- Multimita. Hata ile ya manjano ya bei nafuu inayouzwa mtaa wa Luthuli inatosha, mradi betri yake iwe nzima.
- Skana. Kifaa kidogo cha ELM327 na simu vinatosha kwa magari mengi. Magari ya Japani ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 mara nyingine hayaongei nacho, hayo yanataka skana ya fundi.
- Ratcheti yenye kirefusho na soketi za namba 10, 12 na 14.
- Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza bolti. Tafadhali usiiruke hii, nitaeleza sababu.
- Kurunzi na kioo kidogo cha mkononi.
- Dawa ya kusafisha soketi za umeme na mswaki mkuukuu.
- Pini mbili nyembamba za kuingiza nyuma ya soketi.
- Jeki na stendi mbili. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.
- Mchoro wa waya wa injini yako, angalau rangi za waya za sensa.

Jambo moja la hapa kwetu. Kama gari lina traka ya benki au ya sako iliyokukopesha, wapigie simu kabla ya kutoa terminali ya betri. Traka nyingi hutuma taarifa umeme ukikatika, na hutaki kuletewa watu wa kukamata gari ukiwa umelala chini yake.

Hatua za kazi

1. Soma misimbo yote, iandike, usifute. Wengi hufuta kwanza "tuone kama itarudi". Ukifuta, unapoteza pia picha ambayo kompyuta ilihifadhi wakati hitilafu inatokea: joto la injini, mizunguko, mwendo wa gari. Msimbo uliotokea injini ikiwa baridi baada tu ya kuwasha una hadithi tofauti na uliotokea gari likipanda mlima na joto limetimia. Piga picha skrini ya simu.

Kama skana haiongei na Toyota yako ya zamani, jaribu taa. Kwenye soketi ya OBD, ile ya kuchomeka skana, unganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, kisha washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini itapepesa. Mipepeso mitano, kimya kidogo, kisha miwili, hiyo ni 52, msimbo wa zamani wa Toyota kwa sensa ya noki. Taa nyingine kama za ABS zinaweza kupepesa pia, usishtuke. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuunganisha: pini ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, na ukiigusisha pini ya 4 utachoma fyuzi.

2. Uliza gari limefanyiwa nini karibuni. Injini ilioshwa kwa mashine ya presha? Manifoldi ilifunguliwa? Injini ni ya kubadilisha? Gari lilisimama mwezi mzima bila kuendeshwa? Majibu haya manne yamenionyesha hitilafu mara nyingi kuliko skana. Maji ya presha huingia kwenye soketi ya sensa na kutulia humo. Fundi aliyefungua manifoldi anaweza kuwa amebana waya chini yake wakati wa kurudisha. Na gari lililosimama huhamiwa na panya.

3. Itafute sensa na uijue ni ya aina gani. Kwenye 1NZ, injini ya Fielder, Probox na Vitz nyingi, iko kwenye bloku upande wa manifoldi ya hewa, na mwenye mkono mwembamba anaweza kuifikia kwa chini. Kwenye 1MZ ya V6 ziko mbili, zimelala bondeni katikati ya vichwa viwili vya injini, chini ya manifoldi, na hapo hakuna njia ya mkato.

Aina ni mbili. Ya zamani ina umbo la bolti kubwa, hujikaza yenyewe kwenye bloku, na mara nyingi ina waya mmoja tu, ardhi yake (njia ya umeme kurudi) ni bloku. Ya kisasa ni bapa kama donati, bolti hupita katikati, na ina waya mbili. Vipimo vyake havifanani hata kidogo. Ukitumia kipimo cha donati kwenye sensa ya waya mmoja utaihukumu bure.

4. Zima gari, toa soketi, itazame kwa kurunzi. Usivute waya, bonyeza kilimi cha plastiki kisha vuta soketi yenyewe. Tafuta ukungu wa kijani kwenye pini, maji, oili, pini iliyorudi nyuma, na raba ya kuzuia maji iliyokatika. Sensa hii hutoa umeme mdogo sana, kutu ambayo taa ya gari isingeijali inatosha kuinyamazisha. Safisha, acha ikauke, irudishe na ujaribu. Kuna magari niliyoyamaliza hapa hapa.

5. Pima umeme unaokuja kutoka kwenye kompyuta. Hii ni kwa sensa bapa ya waya mbili kwenye Toyota. Soketi ikiwa imetolewa, weka mita kwenye volti 20 za DC, washa ufunguo bila kuwasha injini, gusisha ncha za mita kwenye pini mbili za soketi ya upande wa waya. Unataka volti 4.5 hadi 5.5.

Ukipata hizo, waya na kompyuta viko sawa kwa sasa, mashaka yanaelekea kwenye sensa. Ukipata sifuri au kitu kidogo, usiguse sensa, tatizo liko kati ya soketi hiyo na kompyuta.

Hapa ndipo tofauti ya P0327 na P0328 inapolipa. Kwenye sensa hizi, waya ukikatika kompyuta huona volti zake tano zimebaki juu bila kushuka, inaandika P0328. Waya ukigusana na mwenzake au na bodi ya gari, volti zinaanguka, inaandika P0327. Kwa hiyo P0328 tafuta pengo, P0327 tafuta mgusano.

6. Pima sensa yenyewe. Sensa bapa ya Toyota husoma kiloomu 120 hadi 280 kati ya pini zake mbili, ikiwa na joto la nyuzi 20. Nissan nyingi husoma karibu kiloomu 532 hadi 588 katika joto hilo hilo. Sensa ya Toyota ya waya mmoja haitakiwi kusoma kitu: kati ya pini yake na mwili wake pawe wazi kabisa, ikisoma mgusano imekufa.

Sasa makosa mawili ninayoyaona kila mara, na yote mawili huua sensa nzima mbele ya macho ya mwenye gari.

La kwanza ni kiwango cha mita. Ile mita ya manjano ina alama za 200, 2000, 20k, 200k na 2000k. Kijana anaweka kwenye 200k, anapima sensa nzuri ya kiloomu 240, mita inaonyesha "1" upande wa kushoto. Anasema, "Imekatika ndani." Haijakatika. Ile "1" maana yake ni kwamba kipimo kimepita kiwango ulichochagua. Zungusha hadi 2000k na utaiona 240 imetulia pale.

La pili ni vidole. Ukishika ncha zote mbili za mita kwa vidole huku ukizibana kwenye pini, mwili wako unakuwa waya wa tatu. Kwa vipimo vidogo haijalishi, ila kwenye mamia ya kiloomu, ngozi yenye jasho inaweza kushusha kipimo kabisa. Tumia klipu, au shika ncha moja tu kwa plastiki yake.

Kipimo kizuri cha omu hakihakikishi kwamba sensa inasikia. Kinakuambia njia ya ndani iko salama. Ukitaka kuona inasikia, weka mita kwenye kiwango cha chini kabisa cha volti za AC, unganisha kwenye sensa ikiwa imefungwa kwenye bloku, kisha gonga bloku karibu nayo, polepole, kwa mpini wa nyundo au kirefusho cha ratcheti. Mita nzuri itaonyesha kuruka kidogo kwa milivolti. Mita ya bei nafuu inaweza isione kitu, kwa hiyo kukosa kuruka peke yake si hukumu. Usiigonge sensa yenyewe kamwe.

7. Pima waya kutoka soketi hadi kwenye kompyuta. Toa terminali hasi ya betri, subiri dakika chache, kisha toa soketi ya kompyuta. Kwenye Toyota ndogo nyingi kompyuta iko nyuma ya kabati la glavu, nyingine iko ndani ya boneti. Pima kila waya ncha hadi ncha: unataka chini ya omu 1. Kisha pima kila waya dhidi ya bodi ya gari: unataka kiloomu 10 au zaidi. Mwisho, waya mbili zenyewe kwa zenyewe, sensa ikiwa nje, zisigusane.

Mzee mmoja wa Dagoretti anayesambaza mayai aliniletea Fielder ya 1NZ inayoandika P0328. Alikuwa amechoka.

"Fundi, hii gari imenimaliza. Sensa ya kwanza nilinunua mtumba, ya pili mpya. Taa iko pale pale."

"Pole, mzee. Kuna mtu amepima waya?"

"Waya? Mimi niliambiwa ni sensa."

Nilipima sensa iliyokuwa kwenye gari: kiloomu 204. Nikamwomba ile ya mtumba, alikuwa nayo bado kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya kiti: 211. Zote mbili nzima. Kwenye soketi, volti sifuri. Nikafuata waya kwa kioo na kurunzi, na pale unapokata kona chini ya manifoldi, bomba la plastiki linalofunika waya lilikuwa limetafunwa urefu wa kidole. Chini yake palikuwa na maganda ya mahindi na mavi ya panya. Waya mmoja umekatika kabisa, wa pili umebaki shaba tupu, na meno yanaonekana kwenye ile plastiki kama alama za msumeno mdogo. Sentimita 20 za waya zikamaliza kazi iliyokuwa imekula pesa za sensa mbili. Tangu siku hiyo sipokei gari la msimbo huu bila kuuliza linalala wapi.

8. Tikisa. Kama vipimo vyote ni vizuri na taa huja na kuondoka, rudisha soketi, acha mita ikiwa imeunganishwa kwa pini nyembamba nyuma ya soketi, kisha pinda na kutikisa waya sehemu kwa sehemu kuanzia kwenye sensa. Namba ikiruka, umepapata. Rudia injini ikiwa moto, kwa sababu waya uliovunjika ndani ya plastiki yake unaweza kushikana ukiwa baridi na kuachana ukipata joto. Angalia mikono yako: feni ya redieta inaweza kujiwasha yenyewe.

9. Rekebisha waya kama ulivyokuwa. Waya wa sensa ya noki kwa kawaida umefunikwa na wavu wa chuma wa kuzuia makelele ya umeme. Ukiunga kwa waya wa kawaida, kelele za koili na olteneta zitaingia, kompyuta itadhani injini inagonga, na utakuwa umebadilisha msimbo mmoja kwa mwingine. Tumia waya wenye wavu, chomelea kwa risasi, funika kwa mpira wa kunywea kwa joto, na wavu uunganishwe na ardhi upande mmoja tu, ule wa kompyuta kama ulivyokuwa. Upitishe mbali na koili, mbali na egzosi. Kusokota waya kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi hakudumu kwenye joto la chini ya manifoldi.

10. Ukifunga sensa, ifunge kwa kipimo. Hii ndiyo sababu ya ile spana ya toki. Sensa husikia kupitia mgusano wake na bloku. Ikilegea, haisikii. Ikikazwa kupita kiasi, kipande cha ndani hupata ufa, au usikivu wake hubadilika. Sensa bapa hukazwa kwa takriban Newton-mita 20. Ile ya umbo la bolti hukazwa zaidi, fuata kitabu cha injini yako.

Safisha uso wa bloku hadi chuma kionekane. Usiweke washa, gundi, silikoni wala tepu ya bomba kwenye nyuzi. Kwenye sensa bapa, elekeza soketi upande ule ule ilikokuwa, isiguse kitu. Na sensa iliyoanguka sakafuni, hata kama ni mpya, usiifunge. Nissan wameandika hivyo kwenye vitabu vyao vya ufundi, nami nakubaliana nao kabisa. Kwa sababu hiyo mtumba wa sensa hii ni bahati nasibu, hujui imeanguka mara ngapi ikitolewa kwenye injini.

Kama ulifungua manifoldi, ziba matundu ya hewa kwa kitambaa safi muda wote wa kazi, na uweke gasketi mpya. Gasketi ya zamani ikivuja hewa, mchanganyiko unakosa mafuta, na injini inaanza kugonga kweli.

11. Futa msimbo, kisha ipeleke mlimani. Acha injini ipate joto lake kamili. Endesha barabara tambarare kwanza, kisha tafuta mlima wa kuitesa kidogo. Mimi hutumia Waiyaki Way kutoka Kangemi kupanda kwenda Uthiru, asubuhi mapema kabla ya msongamano. Mtu mwingine ashike skana aangalie taimingi ya cheche. Ukiendesha kwa mguu mwepesi, digrii zinatakiwa zipande na kushuka kufuata mguu wako. Zikibaki chini muda wote kama zimegundishwa, kompyuta bado inajilinda, hata kama taa haijawaka. Kuna Nissan ambazo huhifadhi msimbo huu bila kuwasha taa kabisa, kwa hiyo soma tena kwa skana ukirudi.

Njia za mkato usizikubali

Utaambiwa uweke rezista badala ya sensa. Ni kweli, rezista ya kiloomu 560 inaweza kuidanganya kompyuta ya baadhi ya Nissan na taa ikazima. Gari litapata nguvu pia, kwa sababu kompyuta inadhani yote ni shwari. Lakini umeifanya injini kuwa kiziwi. Siku itakapogonga hakuna atakayeisikia hadi pistoni ivunjike, na hilo ni suala la injini nzima, kwa mtu aliyekwepa gharama ya sensa moja. Ninasihi sana: usimfanyie mteja hivyo, hata akikuomba.

Nyingine ni kuihamisha sensa juu ya injini kwa sababu kufungua manifoldi ni kazi. Mahali ilipowekwa kiwandani palichaguliwa ili izisikie silinda zote. Ukiifunga kwenye bolti yoyote iliyo karibu, itasikia valvu na cheni badala ya kugonga.

Ikigoma bado

*Nimebadilisha sensa na waya ni mzima, P0325 imerudi.* Kagua upya hatua ya 5 kwa soketi yenyewe: pini za kike zikipanuka hazishiki, ingawa mita inaonyesha volti. Kwenye V6, badilishana soketi za sensa mbili kama urefu wa waya unaruhusu. Msimbo ukihama kutoka P0325 kwenda P0330, sensa ndiyo mbovu. Usipohama, waya au kompyuta. Kompyuta iwe ya mwisho kabisa kushukiwa, na usiruhusu iuzwe kwako bila vipimo vya hatua ya 7 kuwa vimeandikwa mbele yako.

*P0326 na vipimo vyote ni vizuri.* Huenda sensa inasema kweli. Tafuta kinachopiga kelele: breketi iliyolegea, ngao ya joto ya egzosi, mauntini ya injini, beringi ya olteneta, oili iliyoshuka. Kaza bolti zote zinazogusa bloku upande ule.

*Taa imezima lakini nasikia injini inagonga nikikanyaga mafuta.* Hapo sensa inafanya kazi na injini ndiyo inayoumwa. Angalia joto la injini, plagi zisizo za aina yake, masizi kwenye vyumba vya moto, hewa inayovuja kwenye manifoldi, pampu ya mafuta iliyochoka. Na angalia petroli. Mafuta taa yakichanganywa ndani yake hushusha uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo, injini inagonga hata kama kila kitu kingine ni kipya. Uchakachuaji ulikuwa umekithiri kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili isiwe faida kuyachanganya. Kama tatizo lilianza baada ya kujaza mahali fulani, maliza tangi hilo kwa mguu mwepesi, jaza kituo kingine, kisha pima tena.

*Nairobi liko shwari, nikishuka Mombasa linagonga.* Swali hili huja sana Desemba. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi: ufunguo ukiwashwa bila injini, sensa ya presha ya manifoldi hapa husoma karibu kilopaskali 83, Mombasa ni karibu 101. Kadiri unavyoshuka, hewa nyingi zaidi inaingia kwenye silinda, mgandamizo unapanda, na joto la nje nalo linapanda. Injini yenye sensa kiziwi au yenye masizi inaweza kuvumilia Nairobi mwaka mzima na ikaanza kulalamika ukifika Mtito Andei. Kwa hiyo kama una safari ya pwani, fanya hatua ya 1 na ya 11 wiki moja kabla, si usiku wa kuondoka. Na kama umeshafika njiani na inagonga, punguza mguu, teremsha gia mapema mlimani badala ya kukanyaga zaidi, zima AC kwenye mwinuko, na ukifika Voi ujaze petroli kituo tofauti na ulichojaza mwanzo.